Akidi

Karatasi ilibandikwa mlangoni pa ghala la barafu
Jumanne, saa nne asubuhi, kwa gundi ya maji.
Ilisema: Wadau wote mnaalikwa.
Ilisema: tarehe ishirini na nane, ukumbi wa kata,
soda zitatolewa.

Mimi ndiye katibu wa mwalo huu wa Kibirizi.
Niliisoma mara mbili, nikahesabu mwezi kwa vidole,
nikacheka peke yangu:
siku hiyo ni giza tupu.
Giza ndilo mshahara wetu.
Usiku wa giza hata mwenye homa huingia ziwani,
na mchana wake wanaume wamelala kama magogo,
wanawake wako mchangani wanageuza dagaa
kabla kunguru hawajawageuzia.

Nani angekwenda kunywa soda?

Nilikwenda mimi, na Butoyi aliyevunjika mguu.
Viti themanini vya plastiki, vyeupe, vimefungwa utepe.
Kijana wa kampuni akawasha picha ukutani:
minara kumi na miwili imesimama majini,
mapanga matatu matatu, yanazunguka bila jasho.
Akasema "mita saba kwa sekunde".
Akasema "athari hasi ni ndogo".
Butoyi akaninong'oneza kwa Kiha: anasemea upepo gani?
Nikauliza.
Kijana akajibu: upepo, tu.

Upepo, tu!
Kama mtu kusema: nimeoa mwanamke, tu.

Sisi tuna Lukuga, unaovuka kutoka Kongo bila hodi.
Tuna kusi ya mwezi wa saba, inayopasua midomo.
Tuna kaupepo ka alfajiri kasiko na jina,
kanakotusukuma nyumbani polepole
kama mama na mtoto asiyetaka shule.
Ni upi mmeununua?

Kisha ikaja taarifa, kurasa arobaini, ina muhuri.
Ukurasa wa thelathini na moja:
Wananchi walishirikishwa. Hapakuwa na pingamizi.

Viti vilishirikishwa.
Viti havikuwa na pingamizi.

Baadaye wakaleta boya la njano la kupimia upepo, lina taa.
Hakuna aliyetuambia kuwa taa ile si ya mtu.
Bukuru alidhani ni kipe cha wenzake kimepata kundi,
akaifuata na wavu wake wote,
na wavu ukabaki kwenye mnyororo, deni likarudi naye.
Dagaa nao wamedanganyika kama yeye:
wamejazana chini ya taa ile mpaka leo,
na ubavuni pameandikwa tusisogee,
kwa lugha ambayo Bukuru hakufundishwa.

Kwa hiyo naandika.
Sipingi umeme. Mashine ya barafu hulala siku tatu kwa wiki
na sisi hulala nayo, tunanuka.
Ila njooni mbalamwezi,
tukiwa nchi kavu tunashona nyavu:
mikono ina kazi, masikio hayana.
Acheni picha, leteni kamba.
Tuinyooshe mchangani, mnara hadi mnara,
Bukuru aburute kipe chake katikati, tuone kama kinapita.
Mtuambie waya utapita wapi, na utawasha kwa nani.
Na msilolijua, semeni hamlijui.
Neno hilo si geni kwetu,
tunalisema kila jioni tukisukuma chombo.

Butoyi ameniomba niongeze sentensi:
yule kijana naye aje, asiogope.
Tutamlaza kwenye kipe usiku mmoja
mpaka Lukuga umwamshe,
umtajie jina lake wenyewe.

Nimekunja barua. Posta imefungwa hadi Jumatatu.
Nimeikunjua tena, nikaibandika
mlangoni pa ghala la barafu, juu ya karatasi yao,
kwa ugali.